Kuondoa vanishi kuukuu kwenye baraza ya mbao

Hapa Goma nyumba za mbao ni nyingi, hasa tangu lava ya Nyiragongo ilipoteketeza katikati ya mji Januari 2002, na baraza nyingi za nyumba hizo zimepakwa vanishi. Vanishi hutanda juu ya ubao kama ngozi. Jua kali linapoipasua, mvua hupenya kwenye nyufa, na maji yakishaingia chini yake hayana pa kutokea. Ndipo magamba yanapoanza kubanduka. Mafundi huipenda kwa sababu inang'aa siku ya kulipwa. Kwa baraza yangu isiyo na paa nimechagua mafuta yenye rangi, ambayo huzama ndani ya ubao: yatapauka, lakini hayatabanduka.

Kazi yenyewe ni kuparua. Kwanza misumari yote ilizamishwa kwa nyundo ili isichane msasa. Kisha nikapaka maji ya kostiki soda, ile ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni, nikiwa nimevaa glavu na miwani, na nikimwaga soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda. Baada ya muda vanishi ililegea ikawa ute wa rangi ya chai, nikaukwangua kwa kufuata nyuzi za ubao. Penye mikaratusi na mvule, soda huacha weusi, kwa hiyo baada ya kusuuza vizuri nilipitisha siki iliyochanganywa na maji, nikasuuza tena. Anayepata tindikali ya oksaliki atumie hiyo, kwani hung'arisha ubao kuliko siki.

Msasa namba 80 unatosha. Laini zaidi ya hapo hufunga vinyweleo vya ubao na mafuta hayaingii. Vumbi la mvule huwasha pua na ngozi, basi barakoa ni ya lazima.

Mbao zikauke kabisa, na ndiyo maana kazi hii ni ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Dondoshea tone la maji: likinywewa mara moja, ubao uko tayari. Paka kwa brashi penye kivuli, tabaka jembamba, ukizidisha kwenye ncha zilizokatwa kwa sababu huko ndiko ubao unakokunywa sana, kisha futa yote yaliyobaki juu, la sivyo yatanata kwa wiki kadhaa na kushika vumbi letu jeusi. Mafuta matupu ya kitani siyapendekezi nje, kwa kuwa hulisha ukungu. Tafuta yaliyotiwa dawa ya kuuzuia.

Vitambaa vya kufutia visirundikwe stoo. Mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe. Vyangu nilivitandaza kimoja kimoja juu ya ukuta wa mawe hadi vikakakamaa, ndipo nikavitupa.