Siku moja chini ya Altezza, Nyakato, Mwanza

Saa 1:00 asubuhi
Mama ntilie wa jirani ananipa "Mwangaluka" yake, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, naitikia, nachukua chai na chapati. Altezza, gari la Toyota, imeshasimama getini. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari, anakaa Mabatini juu, kwenye zile barabara zilizotandikwa mawe. Gari la chini namna ile likipanda na kushuka mlima kila siku, bushi zake, zile raba za kwenye viungo vya magurudumu, haziwezi kuwa salama.

"Fundi, nikiwa kwenye kilomita themanini kwa saa kule Usagara, nikikwepa kitu barabarani, mkia unanifuata baadaye."

Sijawahi kusikia mtu akielezea bushi za nyuma zilizokufa vizuri kuliko hivyo. Unakata usukani, mbele inatii, nyuma inajadiliana kwanza. Gereji aliyotoka walimbadilishia shokapu zote mbili za nyuma. Nazikuta ni nzima kabisa, na gari bado linacheza.

Saa 2:00
Mwalimu amewahi kipindi. Gari liko juu ya stendi. Nachomeka mtarimbo mfupi kati ya amu, mkono wa chuma unaoshika gurudumu, na mahali inapofungwa; dogo, msaidizi wangu, anasukuma. Chuma kinatembea, raba haina habari. Ya amu ya chini kulia imepasuka kuzunguka hadi unapenyeza ncha ya bisibisi. Tairi zote mbili zimeliwa upande wa ndani. Hapo hakuna cha kubishania.

Wanaoziona Altezza mjini wanazijua kwa taa zake za nyuma tu. Toyota walizitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005, na nchi nyingine ziliuzwa kwa jina la Lexus IS. Hii ni RS200, injini ya 3S-GE, gia sita za mkono, inasukuma kwa matairi ya nyuma. Nyuma kila gurudumu limeshikwa na amu kadhaa, na kila amu ina raba zake. Ndiyo maana ikiwa nzima inashika kona vizuri sana, na ndiyo maana zikichoka kazi inakuwa ya kutwa.

Saa 3:00
Kabla ya spana kugusa chochote, natafuta rangi nyeupe. Amu moja kila upande ina bolti yenye kichwa cha mviringo kisichokaa katikati, ndiyo inayoamua gurudumu liangalie wapi. Napiga alama pale ilipo. Haitatuondolea kwenda kwenye alaimenti, kupima na kunyoosha magurudumu, ila gari litafika huko bila kwenda upande kama kaa.

Kisha kutu. Watu hudhani ni la ziwa. Hapana, Ziwa Victoria ni maji baridi, halina chumvi ya kula vyuma kama upepo wa bahari kule Dar. Kutu hili limekuja na meli: kaskazini ya Japani wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Bolti moja imeganda ndani ya bushi yake, inazunguka na chuma cha katikati. Tunaipulizia mafuta ya kulegeza, tunaiacha, tunarudi, mwishowe tunaikata kwa msumeno. Nilikuwa nimeshaagiza bolti mpya pamoja na bushi, Gerezani, Dar, zikaja kwa basi. Gari la umri huu usiagize raba peke yake.

Saa 5:00
Dogo anauliza kama tuchome raba za zamani kwa moto zitoke haraka. Moshi wake ni sumu na mama ntilie anapika hatua chache kutoka hapa. Tunatumia presi, mashine ya kukandamiza, ile ya kupampu kwa mkono, tani 20, haijali TANESCO wakikata.

Kazi ya presi haitaki nguvu, inataka unyoofu. Chini unaweka kipande cha bomba ambacho bushi inaweza kupita ndani yake, juu unaweka soketi inayokaa kwenye ukingo wa chuma cha nje, si kwenye raba. Ukianza kupampu na imelala hata kidogo, inakwaruza tundu la amu, na amu ikishatanuka hakuna bushi itakayoshika tena. Kabla ya kutoa kila moja, nachora mstari kwenye amu. Baadhi zina nafasi tupu ndani ya raba, upande mmoja laini, upande mwingine mgumu, na ukiigeuza gari linaharibika tabia huku kila kitu ni kipya.

Mpya zinaingia kwa maji ya sabuni. Grisi ya kawaida inavimbisha raba, iacheni kwenye beringi.

Saa 8:00 mchana
Ugali na sato, haraka. Mwalimu anapiga simu, ameona video, anataka bushi za poliyurethini, "zile ngumu za mashindano."

"Mwalimu, kwa mawe ya Mabatini?"

Namwambia ukweli wangu: kwenye lami tupu ni nzuri. Ila amu za nyuma hazipandi na kushuka tu, zinajipinda pia, na raba inakubali kujipinda. Ngumu inakataa, na kila jiwe litampigia hodi mgongoni. Anacheka, anakubali. Au amechoka na bei.

Saa 9:30
Amu zote ziko mahali pake, bolti zimeshikwa kwa vidole tu. Dogo ameshashika spana.

"Bado. Shusha gari."

Hapa ndipo kazi nyingi za mjini zinapokufa. Raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, haitelezi, inajikunja. Bolti inabana kile cha ndani. Ukikaza magurudumu yakining'inia, gari likishuka raba inakaa imejikunja muda wote, na inachanika mapema. Kisha utasikia, "hizi spea za siku hizi feki."

Tunalishusha juu ya shimo, natikisa buti mara kadhaa likae kimo chake, ndipo naingia chini na spana ya kupima nguvu ya kukaza.

Saa 11:00 jioni
Alaimenti imeshapita. Mwalimu ameshika usukani, mimi kiti cha kushoto, barabara ya Usagara. Kwenye themanini anakata kidogo, anarudi. Anakata tena, sasa kwa makusudi.

"Fundi, na za mbele je?"

"Lete Jumamosi. Na tairi za nyuma ubadilishe, hizo hazina maisha."