Na huyu mtoto je?

Siku tisa sasa, na sauti ya yule mama haijanitoka. Ni mama wa kijana mmoja aliyeacha ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI.

Alikuja naye Ijumaa, na mjukuu kambeba mgongoni. Viganja vya kijana vilikuwa na magamba manene ya kijivu hadi katikati ya vidole, kucha zimenyanyuka, chini yake unga kama wa chaki. Nikamuuliza, "Unawashwa?" Akasema, "Hapana, nesi." Nikaridhika. Nikaandika pumu ya ngozi, nikampa mafuta ya steroidi.

Wakati wanatoka mama akageuka. "Mwanangu, na huyu mtoto je? Tangu alale na mjomba wake anajikuna mpaka kunakucha."

"Mama, leo tumeona mgonjwa. Mtoto mlete kliniki Jumatatu."

Nalirudia jibu hilo nikifua, nikisonga ugali, nikiwa kwenye daladala. Ugonjwa ulikuwa mgongoni kwake, umefungwa kwa kanga, nami nimeinamia viganja. Na nilikuwa najua! Muwasho ni mwili unapambana. Kinga ikishuka mwili hunyamaza, utitiri, vile vidudu vidogo vya upele vinavyochimba ngozi, ukazaliana. Mwenye upele wa kawaida huwa nao 10 hadi 15 tu. Huyu, mwenye upele wa magamba, alikuwa nao maelfu kwa maelfu, na kila gamba linalodondoka kitandani linaubeba. Anayewashwa ni aliyelala pembeni yake.

Wakarudi Jumanne, viganja vimepasuka, vinatoa usaha, homa juu. Maabara wakakwangua gamba moja, wakaniita kwenye darubini: utitiri mtupu, na mayai yake. Tangu hapo ni vidonge vya ivermektini, siku ya 1, ya 2, kisha ya 8 na kuendelea, pamoja na BBE, dawa ya kupaka, na nyumba nzima inatibiwa, hata asiyewashwa. Mtoto hajafika kilo 15, kwa hiyo yeye ni ya kupaka tu.

Leo nimepita wodini, nimevaa glavu. Magamba yamelainika. Kijana akasema, "Nesi, tazama," akafunga vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Mama akaniambia, "Jana mtoto kalala." Moyo ukanijaa. Nikamwomba radhi kwa ile Ijumaa.

Akaniuliza, "Ijumaa ipi, mwanangu?"