Viatu vya Fedha Vilivyogeuka Vyekundu

Jana usiku nilitazama tena The Wizard of Oz, filamu ya mwaka 1939 iliyotokana na kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900, na kwa mara nyingine nilijikuta nimebana pumzi pale Dorothy, msichana wa Kansas nchini Marekani, anapofungua mlango wa nyumba iliyobebwa na kimbunga hadi nchi ya ajabu ya Oz. Ndani, kila kitu kina rangi ya hudhurungi iliyofifia. Nje, maua, maji na barabara ya matofali ya manjano vinang'aa. Kitabuni viatu vyake ni vya fedha, lakini watengenezaji wa filamu walivifanya vyekundu ili vipendeze zaidi katika rangi za Technicolor, mbinu ya wakati huo ya kutengeneza filamu za rangi, nami siwezi tena kuviwaza vinginevyo.

Jambo moja bado linaniuma. Filamu inamwamsha Dorothy kitandani na kumwambia kwamba aliota tu, ilhali kwa Baum Oz ni nchi ya kweli kabisa: msichana anatua kwenye nyasi za Kansas akiwa na soksi tu miguuni, kwa kuwa viatu vya fedha vilimvuka angani na kupotelea jangwani.