Bima ya baiskeli, wadau wa Kisumu

Wadau, kama bei ya baiskeli yako imepita shilingi laki moja, kaeni hapa kidogo. Wakala amenieleza bima yangu ya nyumba: vyombo vya nyumbani, baiskeli ikiwemo, vinalindwa vikiwa ndani, tena mwizi awe amevunja kuingia. Ikiibiwa nje ya duka pale barabara ya Oginga Odinga, hiyo imeenda! Ili ilindwe barabarani, inaandikwa kivyake kwenye sehemu ya vitu vya kubeba, pamoja na laputopu na kamera, ikiwa na thamani na namba ya fremu. Na msipunguze thamani ili mlipe kidogo: ukiandika nusu, hata fidia ya kuharibika inakatwa nusu. Mashindano ya baiskeli hayamo kwenye bima. Yangu ni mtumba, risiti hakuna. Nani anajua fundi wa kuikadiria thamani?