Harusi iko geti ya pili

Disemba moja kabla ya korona, mji wa Mombasa umejaa wabara na watalii mpaka foleni ya daraja la Nyali haisongi, ndo niliingia pati ya EDM, ule mziki wa dansi wa mashine, mara ya kwanza, na niliingia na buibui. Msinicheke. Kwetu Kibokoni hutoki usiku na jinzi ilobana ukapita mbele ya wazee wako barazani wanakunywa kahawa, kwa hiyo juu buibui, chini jinzi na raba, na sharti la mama lilikuwa moja tu, niende na mtoto wa ami.

Huyo mtoto wa ami njia nzima kwenye tuktuk kelele. Ati huo mziki wa wazungu, ati wote mule wamekula vidonge, ati hauna maneno sasa mtu acheza nini. Nikamwambia kaka, hausi, aina moja ya mziki huo, imeanza kwa watu weusi wa Chicago, Frankie Knuckles alianza kupiga klabu ya Warehouse 1977, na tekno, aina nyengine, ni vijana weusi wa Detroit kina Juan Atkins. Akanijibu, "Basi wazungu wakaichukua, ishakuwa yao." Hapo hakukosea sana, lakini sikumwambia.

Getini bausa kanitazama juu mpaka chini. "Dadangu, harusi iko geti ya pili." Na kweli hoteli ya jirani kulikuwa na harusi, vigelegele twavisikia. Nikampa tiketi, akaigeuza mbele nyuma kama noti ya bandia.

Ndani sasa. Mbele kabisa wabara, simu zote juu, dijei akiondoa besi na ngoma ianze kwenda mbio, unajua ile yaja yaja yaja, wote wanarekodi, halafu besi ikishuka badala ya kuruka wanaangalia kama video imeshika! Pembeni watalii wa makamo wamevua viatu mchangani, macho wamefumba, hawana habari na mtu, hao ndo binamu aliwahukumu vidonge, kumbe yule mama alokuwa akiruka kuliko wote mkononi ana dafu. Na wavulana wetu wa mjini wako wapi? Nyuma ukutani, mikono kifuani, vichwa tu ndo vyatikisika, waogopa kesho maskani kutasemwa fulani alikata kiuno. Binamu akajiunga nao palepale.

Mie nikaenda kwa watalii kwa sababu huko hakuna simu. Ukumbi wa wanawake harusini twacheza chakacha mpaka jasho kwa sababu simu hazitakiwi, na hata Berlin pale klabu ya Berghain wanabandika stika kwenye kamera ya simu yako mlangoni, kwa hiyo si ushamba wetu peke yetu. Nimeanza tu kuchanganya, jamaa mmoja na miwani ya jua, usiku ule, kanielekezea simu, "Dada wa buibui, cheza tuone!" Nikaganda. Video ile ingefika Kibokoni kabla yangu. Yule mama wa dafu hata hakuacha kuruka, kanyoosha mkono akaziba kamera na kiganja, akamtikisia kidole, jamaa kaondoka. Nikacheza mpaka raba zikajaa mchanga.

Kwenye tuktuk ya kurudi nikamuuliza binamu mbona hukuja, jamaa anirekodi nawe umesimama tu.

"Nilikuwa nachunga mikoba."

Mkoba ulikuwa mmoja, na nilikuwa nimeuvaa mimi.