Karata kali mkononi: nani atakulipa, na lini?

Kwenye poka ya Texas Hold'em (kila mtu na karata mbili mkononi, na tano za wote zinafunguliwa mezani kwa mizunguko), mtu aliyeshika karata kali barazani utamjua tu. Ananyamaza ghafla, anagonga meza apite, eti anamtegea mwenzake. Zamu inapofika karata ya tano anazinduka na kuweka dau zito, watu wanatupa karata, naye anazoa vichache vilivyokuwepo. Halafu analalamika kwamba siku hizi karata nzuri hazilipi.

Swali la kujiuliza kabla hujaweka dau si "nina karata kali?" bali "ni karata zipi dhaifu kuliko zangu zitakazofuata dau langu?" Zitaje kichwani, angalau aina mbili au tatu. Ukikosa hata moja, dau lako linafukuza unaowadai na kubakiza wanaokudai.

Tupige hesabu kwa korosho ghafi, maana huku Mtwara hazikosekani, na kuchezea pesa kuna sheria zake na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. (Msizibangue kwa meno mezani. Mafuta ya ganda yanaunguza midomo.)

Mmebaki wawili. Kila mmoja ameshaweka 6, kwa hiyo chungu kina korosho 12, na kila mtu amebaki na kama 100 mbele yake. Una saba mbili, ya shupaza na ya uru. Zinafunguliwa karata tatu za mwanzo: saba ya kopa, mfalme wa kopa, nne ya pau. Umepata saba tatu. Ukianza na jozi mkononi, hili hutokea kama mara moja katika nane na nusu, basi usilichezee.

Nani atakulipa? Mwenye mfalme mkononi, hasa akiwa na ree au malkia pembeni. Mwenye kopa mbili anayesubiri ya tano, maana kopa tano zinashinda saba tatu. Hao wawili wanatosha, kwa hiyo weka dau sasa hivi. Theluthi mbili ya chungu, yaani korosho 8, ni kipimo kizuri.

Kwa nini 8 na si 2? Mwenye kopa anahesabu kopa 9 zilizobaki kati ya karata 47 asizoziona. Kwa karata moja ijayo hiyo ni asilimia 19. Ukiweka 8, analipa 8 ili ashindanie chungu kitakachokuwa na 28, hivyo anahitaji asilimia 28 na ushee. Anakulipa kupita bei. Ukiweka 2, anahitaji asilimia 12.5 tu, na kufuata kwake ni halali kabisa. Hiyo ndiyo kangomba yenyewe, ule ununuzi wa korosho usio rasmi: mzigo wa daraja la kwanza unauzwa kwa bei ya bakuli. Na ukigonga meza, umempa karata bure.

Lakini sababu kubwa zaidi ya kuanza mapema ni kwamba chungu hukua kwa kuzidishwa. Fuata theluthi mbili kila mzunguko: 8, chungu kinakuwa 28, kisha 19, kinakuwa 66, mwisho 44. Jumla mwenzako ametoa 71. Ukiruka mzunguko wa kwanza, unapata 8 na 19 tu, yaani 27. Hata ukiamua kufidia kwa kuweka dau sawa na chungu kizima mara zote mbili, 12 na 36, ni 48. Zile nyingine ndizo ulizozipoteza kwa kutegea.

Kuna kosa la upande wa pili pia: kuweka 60 kwenye chungu cha 12 kwa sababu "sitaki wanifikie". Mwenye mfalme na ghulamu angelipa 8 bila kusita, ila 60 anakimbia. Umeshinda 12. Hongera.

Sasa karata ya nne iwe mbili ya uru, haina neno, weka 19. Ya tano ikija tisa ya kopa, simama. Wateja wamebadilika: aliyekuwa anasubiri kopa amefika, na mwenye mfalme ameshaanza kuogopa. Hapa hakuna tena karata ya kusubiriwa, kuna kipimo kimoja: kati ya karata zitakazofuata dau lako, zaidi ya nusu ziwe dhaifu kuliko zako. Na kama mwenzako bado anaweza kukupandishia, taka zaidi ya hapo. Dau la 44 litafuatwa zaidi na kopa. La 20 mwenye mfalme anaweza kulimeza. Kama mwenzako si mtu wa kufuata ovyo, gonga meza.

Jozi ya wafalme mkononi ni kali, lakini ree ikifunguka mezani, atakayekufuata dau hadi dau ni mwenye ree. Dau moja dogo, au upite tu.

Kutegea kuna mahali pake, ni pachache. Una tisa mbili, mezani zimefunguka tisa, tisa na tatu: hakuna aliyebakiwa na tisa ya kuungana na meza, mwache mtu apate jozi yake kwanza. Au una mwenzako ambaye hawezi kuona meza imetulia bila kurusha dau mwenyewe. Huyo mwachie arushe. Asiyetupa karata kamwe usimtegee, mtoze tu.

Na saizi ya dau isikusaliti. Baraza la watu walewale, iwe Shangani au Mikindani, halichelewi kugundua kwamba ukiweka dogo una mashaka na ukiweka kubwa umeiva. Kwa wanaokusoma, theluthi mbili ibaki theluthi mbili, uwe na saba tatu au unasubiri kopa. Kwa wasiotazama chochote zaidi ya karata zao, panua dau kila ukiwa na nguvu.