Siku tuliyoenda kucheza mashimo 12

Shemeji yangu ni mtu wa majina makubwa. Hata saa ya mkononi hawezi kuvaa ambayo wewe hujawahi kuisikia. Sasa tulipopata nafasi ya kukaa wiki moja Uskoti, Juni 2017, neno la kwanza kumtoka halikuwa hali ya hewa wala tutalala wapi, alisema tu, "Shem, tunacheza Troon." Basi, imeisha hiyo. Mwaka mmoja nyuma Henrik Stenson alikuwa amembwaga Phil Mickelson pale Royal Troon, uwanja wa gofu wenye jina, kwenye The Open, mashindano makubwa ya gofu, siku ya mwisho kapiga mapigo 63, kamaliza 20 chini ya pa, yaani chini ya mapigo yanayotarajiwa, na shem ile raundi alishaitazama sijui mara ngapi, ukimgusa kidogo tu anakusimulia shimo kwa shimo, upepo ulivuma kutoka wapi, Stenson alishika aeni ngapi, ile fimbo ya chuma, yaani utadhani yeye ndiye aliyembebea begi.

Na zaidi ya yote alitaka kulikanyaga shimo la 8, lile linaloitwa Stempu, yadi 123 tu lakini limeshawatoa watu wazima jasho, kwa sababu grini yake, yale majani mafupi yenye kishimo cha kuingiza mpira, ni nyembamba na banka, yale mashimo ya mchanga, zimeizunguka, ukikosa umekosa.

Kazi ya kuomba nafasi ilikuwa yake. Mimi nikajikalia kimya nikijua mambo yako sawa. Jumatano usiku, tumeshafika, mabegi yapo kona ya chumba, namuuliza, "Kesho tunaanza saa ngapi?" Kimya. Ameshika simu anasogeza kidole juu chini, juu chini, halafu naona uso umebadilika. Walikuwa wamemjibu wiki tatu nyuma, wanaomba athibitishe na atume cheti cha hendikapu, yaani kiwango chake cha uchezaji, na ile barua imekaa zake kwenye spam imetulia. Nafasi imeshachukuliwa na watu wengine zamani. Sikumwambia kitu, maana kuna wakati ukimwambia mtu neno unakuwa umemuua kabisa, nikamwacha akae nayo.

Sasa mimi nilikuwa nimewahi kusoma mahali kuhusu uwanja mmoja unaitwa Shiskine, uko kisiwa cha Arran, ng'ambo ya maji ukitokea pwani ileile ya Troon. Jina lilinikaa kichwani kwa sababu moja tu, una mashimo 12. Si 9, si 18 kama viwanja vingine. Kumi na mawili. Nikamwambia shem kesho tupande feri twende huko.

"Mashimo kumi na mawili?"

"Ndiyo."

"Sasa hayo mengine sita wameyapeleka wapi?"

Hilo swali aliliuliza usiku ule, akaliuliza asubuhi tukiwa kwenye foleni ya feri pale Ardrossan, akaliuliza tena katikati ya maji. Feri yenyewe ilikuwa kama dakika 55 mpaka Brodick, na mlima Goat Fell unausogelea polepole, mita 874, kilele kiko ndani ya wingu, mimi nipo nje napigwa na upepo nimefurahi kama mtoto, yeye kajifungia ndani anatazama video za Troon. Nilimchungulia kwa dirisha nikacheka peke yangu.

Kutoka Brodick tukapanda basi linalokatiza kisiwa katikati, na mabegi yetu ya gofu yanagonga magoti ya watu kila kona, pole mama, samahani mzee, mpaka upande wa magharibi, kijiji kinaitwa Blackwaterfoot. Kisiwa kizima kilikuwa na viwanja saba vya gofu wakati ule, fikiria, kisiwa ambacho watu wake hawajazi hata uwanja wa mpira. Na kwenye zile orodha za viwanja mia bora ambazo shem anazisoma kama kitabu kitakatifu, nakwambia ukimwuliza akutajie kimoja tu cha Arran angebaki anakutumbulia macho.

Tumefika, hakuna geti kubwa, hakuna mtu wa kukupokea begi, kuna kijumba kidogo cha kulipia, na bahari ipo hapo hapo. Tukakata tiketi ya siku nzima. Kadi ya kuandikia matokeo ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati, pa ya uwanja mzima ni 42. Shem akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika risiti ya deni la mwingine.

Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja, begi lake jepesi la kubeba begani lina fimbo kama sita tu, anafunga kamba za viatu kwenye benchi. Nadhani alishatusoma, maana shem alikuwa anaongea na mimi lakini uso wake ulikuwa unaongea na dunia nzima. Mzee akauliza kama ndiyo mara yetu ya kwanza. Nikasema ndiyo. Shem naye hakujizuia, akamwuliza kwa Kiingereza lile swali lake, mashimo mengine sita yako wapi.

Mzee hakukasirika hata kidogo. Akasema uwanja ulianza mwaka 1896 ukiwa na mashimo 9, aliyeuchora ni Willie Fernie, baadaye akaja Willie Park Mdogo akaufikisha 18, halafu ikaja vita kuu ya kwanza, watu wakaenda vitani, mashimo sita ya kule juu yakamezwa na majani, na vita ilipoisha hakuna aliyeyarudia. Ndiyo hivyo tu. Akavuta kamba ya kiatu cha pili, akamgeukia shem, akamwuliza kwa upole kabisa kama anaifahamu The Open.

Jamani. Kumwuliza shem kama anaifahamu The Open!

Shem akajivuta akaanza na Stenson, mzee akamwacha amalize, kisha akamwuliza ile ya kwanza ilichezwa wapi. Prestwick, 1860, shem hakukosea. Kwenye mashimo mangapi? Hapo nikaona shem kafungua mdomo na hakijatoka kitu. Mzee akasema 12. Prestwick ya wakati ule ilikuwa na mashimo 12, wachezaji wanane wakazunguka mara tatu siku moja, jumla 36, na aliyeshinda ni Willie Park Mkubwa kwa mapigo 174, kampita Tom Morris kwa mawili. Baba yake yule yule Willie Park aliyekuja hapa kuongeza mashimo. Baba kachukua ubingwa kwenye mashimo 12, mwana kaja kisiwani kayafanya 18, vita ikayarudisha 12. Mzee akanyanyuka, akatutakia mchezo mwema, akapiga mpira wake wa kwanza chini chini kando ya ufukwe, ukaenda umenyooka kama uzi, akaondoka bila kugeuka.

Shem akaniambia, "Huyu mzee ana maneno mengi." Lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Shimo la kwanza unafuata ufukwe, la pili unavuka vijito viwili, mpaka hapo ni uwanja mzuri wa kawaida, nilianza hata kuogopa kwamba nimemleta mtu bure. Halafu unafika tii ya shimo la tatu, pale pa kupigia mpira wa kwanza.

Linaitwa Kiota cha Kunguru. Sijui niwaelezeje. Mbele yako kuna jabali la Drumadoon, mwamba wa moto wa kale ulioganda, umesimama nguzo nguzo kama filimbi zilizopangwa, na chini ya jabali kuna kama rafu ya ukutani iliyochongwa, na grini ipo huko juu kwenye rafu. Kwa umbali si kitu, pa 3 fupi, fimbo ndogo tu. Lakini grini huioni. Unachokiona ni mteremko wenye majani makavu na anga. Unapiga kwenda juu, mpira unapotea, na unabaki umesimama na swali lako.

Shem akachukua weji, fimbo ya kunyanyua mpira juu. Nikamwambia upepo. Akasema anauona. Akapiga, mpira ukapanda vizuri, ukagusa juu kabisa ya mteremko kama futi moja hivi kabla ya usalama, ukasita, na nyie mnajua ule msito, ukaanza kurudi. Kwanza polepole. Ukagonga kichuguu ukaruka kushoto, ukapata njia ya miguu, ukashika kasi, ukaja ukaja mpaka ukasimama hatua nane hivi mbele ya viatu vyake. Alama ya wino aliyoichora usiku, herufi za jina lake, ilikuwa juu inamtazama.

Sikucheka. Wallahi sikucheka, nilikohoa.

Akapiga wa pili, ukafanya vile vile, tofauti ni kwamba huu ulipitia kulia. Wa tatu akaufinyanga ukaruka grini yote ukagonga mawe huko nyuma, tukasikia ko, basi. Akaokota begi akapanda mlima bila kuniambia kitu. Kwenye kadi nikamuuliza nimwandikie ngapi, akasema acha kwanza.

Ila tulipofika juu alisimama. Kwenye ile grini umelipa jabali mgongo, mbele ni bahari yote ya Kilbrannan, ng'ambo yake rasi ya Kintyre imelala kijani na kahawia, na kivuli cha wingu kinatembea juu ya maji kama mtu anayekunja mkeka. Shem akatoa simu. Nikajua atapiga picha kwa ajili ya kuwarushia watu, lakini aliishika tu akasahau kuipiga, akairudisha mfukoni.

Kuanzia hapo sikusikia tena habari ya mashimo sita. Shimo la nne unashuka kutoka juu kuelekea baharini, mpira unakaa hewani muda mrefu mpaka unapata nafasi ya kujuta. La saba linaitwa Himalaya, jina la kuchekesha kwa kilima kile, lakini ukiwa kwenye tii huoni chochote zaidi ya kilima chenyewe, unalenga angani na kumwachia Mungu, halafu unakimbia kuvuka uone. Tulikuwa tunakimbia kweli, watu wazima, mabegi yanatucharaza migongoni. Raundi nyingi nilizocheza kwenye viwanja vyenye majina, kuanzia shimo la 13 hivi huwa nishachoka, nacheza kumalizia tu, akili iko kwenye foleni ya gari. Pale sikuifikia hiyo sehemu, kwa sababu hiyo sehemu haipo. Masaa mawili na robo tukawa tumerudi kijumbani, na mimi miguu yangu bado inataka.

Kuna kitu nilikuja kukijua baadaye tu, tumesharudi, nasoma zangu usiku. Fernie, yule wa mashimo 9 ya mwanzo, bingwa wa The Open 1883, ndiye aliyekuwa profesheno, yaani mchezaji wa kulipwa wa klabu, pale Troon kwa miaka mingi, na lile shimo la 8 ni kazi ya mkono wake. Na aliyelifananisha na stempu kwenye maandishi mpaka jina likaganda ni Willie Park Mdogo. Kwa hiyo shem kavuka bahari amenuna kwa sababu kaikosa Stempu, na siku nzima alikuwa anatembea juu ya kazi ya aliyeichora na aliyeipa jina. Nilimpigia simu saa tano usiku kumwambia. Akasema, "Unajua saa ngapi?" akakata. Baada ya dakika mbili akapiga yeye.

Lakini turudi siku ile. Tumemaliza, basi la kurudi Brodick bado saa moja na ushee, nimeshaanza kufungua viatu. Shem kasimama, anaangalia kule juu kwenye jabali.

"Shem."

"Naam."

"Tiketi si ni ya siku nzima?"

"Ndiyo."

"Basi turudie mpaka la tatu. La tatu tu, halafu tunashuka."

Nikafunga viatu. La kwanza na la pili tulipiga kama watu wanaofukuzwa, hatukuandika hata mapigo. Pale kwenye tii ya tatu akachukua muda. Akang'oa majani akayarusha juu, akayatazama yanavyoanguka. Akarudisha weji, akatoa aeni tisa, akairudisha, akatoa aeni nane. Nikataka kusema kitu nikajizuia. Akapiga. Mpira ukapanda, ukavuka ule ukingo wa rafu, ukapotea, na safari hii hatukusikia ko, na hakuna kilichorudi.

Tulipanda ule mlima hatuongei, mimi nahema, yeye kanitangulia. Nilipofika juu nikamkuta kasimama pembeni ya shimo kashika kiuno. Mpira ulikuwa hatua moja kutoka kwenye bendera. Hatua moja. Mtoto angeusukuma kwa mguu ukaingia.

Akaizunguka ile pati, ule mpigo mfupi wa kuingiza mpira shimoni, mara mbili, akachuchumaa huku, akachuchumaa kule, akafuta mdomo wa fimbo kwenye suruali. Akapiga. Ukazunguka mdomo wa shimo lote ukatoka. Akapiga wa kurudi kwa hasira, ukapita tena. Wa tatu ukaingia.

Nikatoa kadi na penseli. "Nikuandikie?"

"Twende, tutachelewa basi," akasema, na alishaanza kushuka.